Siku Saba za Bwana Gachanja

Leo Jumamosi, tarehe 30 Novemba 1957, Bwana Hezron Gachanja, Karani Mkuu wa Masomo katika Chuo cha Wauguzi cha Misheni ya Kerian, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na sita na miezi kumi na moja. Aliingia langoni petu tarehe 2 Januari 1931, akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, shati moja jeupe na barua ya mchungaji wa Bahati iliyosema kwamba anajua kusoma, kuandika na kunyamaza.

Nimeombwa niandike wasifu wake katika programu hii kwa sababu nilisomeshwa kwa Kiswahili na Kiingereza, na mwandiko wangu unasomeka. Sikuchaguliwa kwa sababu ya umri, maana nina miaka kumi na minane, wala kwa sababu ya ujasiri. Wanaonijua wanajua kwamba nikiitwa mbele ya watu sauti yangu hubaki kitini. Kwenye karatasi naweza kidogo. Kwa hiyo wageni waheshimiwa, nivumilieni, chakula kiko karibu.

Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kuandika majina ya wagonjwa mlangoni. Wakati huo chuo hakikuwepo, kulikuwa na wadi mbili tu na jiko la kuni. Wagonjwa walitoka mashamba ya wazungu kule Rongai na Njoro, wengine wakibebwa kwa machela mwendo wa siku nzima, na kila mmoja alikuwa na majina matatu au manne kutegemea anayemuuliza. Bwana Gachanja aliyaandika yote. Kimutai, dereva wetu wa lori, anasimulia kwamba kuna mzee aliyekataa kabisa kutaja jina kwa karani asiyemjua. Bwana Gachanja aliketi chini pamoja naye, wakaongea habari za ng'ombe mpaka adhuhuri, ndipo akaandika jina, na chini yake akaandika majina ya ng'ombe, kwa sababu mzee alisema hao nao ni wa nyumbani.

Chuo kilipofunguliwa mwaka 1936 alipewa chumba cha pembeni, meza moja na daftari kubwa lenye jalada jekundu. Ndilo Daftari la Maksi. Kila muuguzi aliyepita Kerian tangu siku hiyo yumo ndani yake, na karibu kila maksi imeandikwa kwa mkono wake. Mwaka 1948 tulipoanzisha Kozi ya Juu, ile ya wauguzi ambao tayari wana cheti na wanarudi kusomea ukunga na uongozi wa wadi, baraza la chuo lilimwomba aandike sheria za maksi na za hadhi ya mwanafunzi. Aliandika kumi na moja. Zinaning'inia ukutani mpaka leo, na nzi wameziheshimu kiasi chao.

Wageni wengi hawazijui sheria hizo, basi nitazieleza kwa ufupi. Mwanafunzi mpya akipata hamsini amepita. Mwanafunzi wa Kozi ya Juu hapiti mpaka apate sitini na tano kwa wastani. Akipungukiwa muhula mmoja, anawekwa katika majaribio. Akipungukiwa muhula wa pili mfululizo, anaondolewa chuoni. Kazi ambayo haijaletwa haiandikwi sifuri, inaandikwa "Bado". Orodha hubandikwa mlangoni kwa penseli siku saba kamili, ili mwenye neno aje aseme na mwenye kazi yake ailete. Siku ya nane, "Bado" iliyobaki inageuka sifuri, na maksi zote zinatiwa wino katika Daftari. Zikishatiwa wino hazibadilishwi.

Kila mwanzo wa kozi Bwana Gachanja aliwasomea wauguzi sheria hizo zote kwa lugha mbili, halafu kila mmoja alitakiwa kuzirudia kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Wapo waliochukizwa. Mwaka juzi nesi mmoja aliyekuwa amefanya kazi miaka sita alimwambia, "Bwana, sisi si watoto."

"Ndiyo maana maksi yako ya kupita ni sitini na tano," akamjibu. "Mtoto akikosea, wewe uko nyuma yake. Wewe ukikosea usiku huko dispensari, nani yuko nyuma yako?"

Yule nesi akazirudia zote kumi na moja, polepole.

Watu walimwita Mzee wa Penseli. Jina hilo lilitoka kwa Kimutai, na Bwana Gachanja hakulipenda wala kulikataa. Kimutai akipita dirishani alikuwa akiita, "Mzee, leo umenichonga vipi?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Wewe huchongeki, wewe ni mti wa kufungia punda."

Lakini mzaha ulikuwa na mpaka wake. Alipoombwa na daktari mmoja wa zamani, ambaye ameshakwenda kwao, amwongezee maksi mbili mwanafunzi aliyekuwa mwimbaji mzuri kanisani, Bwana Gachanja aliteremsha sheria ukutani, akaziweka mezani, akamwomba daktari amwonyeshe ile ya kuimba. Na mwaka 1950 mpwa wake mwenyewe, Wariara, aliyemlea tangu akiwa mdogo, alipata sitini na nne katika muhula wa pili wa Kozi ya Juu, akiwa tayari katika majaribio. Sitini na nne. Orodha ilikaa mlangoni siku saba, na nyumbani kwake, wanasema, hakuna aliyeongea siku saba. Siku ya nane akatia wino. Halafu akabeba sanduku la Wariara kwa bega lake mpaka stesheni ya Nakuru, maili nne, akamkatia tikiti, akamwambia aombe tena baada ya mwaka. Wariara aliomba tena. Leo ni sista katika wadi ya wazazi huko Nyanza, na ameketi hapa mbele, mwenye kitambaa cha samawati.

Mimi niliajiriwa Januari mwaka huu kuwa karani wake msaidizi. Alinifundisha kuchonga penseli kwa wembe isivunjike, kujumlisha safu kutoka chini kwenda juu baada ya kuijumlisha kutoka juu kwenda chini, na kuuliza. Hilo la tatu sikulishika. Alikuwa ananiambia, "Mugure, swali halina meno." Mimi niliitikia kwa kichwa tu. Nikiwa na swali nilikuwa naliandika kwenye kipande cha karatasi na kukiacha chini ya kichupa chake cha wino, naye alijibu pembeni na kukirudisha, kama watu wawili wanaokaa wilaya mbalimbali, ingawa meza zetu zilikuwa zinagusana.

Katika rasimu ya kwanza ya programu hii niliyopewa ofisini, mstari uliofuata ulikuwa umeshatayarishwa tangu Julai. Ulisema kwamba katika miaka yote hiyo hakuna hata maksi moja iliyokatwa katika Daftari la Bwana Gachanja, na kwamba kwa ajili hiyo Halmashauri ya Misheni itamkabidhi Cheti cha Utumishi Bila Doa. Mwezi Septemba mstari huo ulifutwa. Wafanyakazi wote wanajua kwamba ulifutwa, na wengi wanajua ni kwa sababu ya ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, ambako kuna mstari umekatwa kwa wino na sahihi yake pembeni. Yanasemwa mengi. Yanasemwa kwamba mzee alichoka, macho yamekwisha, na kwamba ni vizuri anaondoka sasa.

Macho yake ni mazima. Ninaandika yaliyotokea.

Tarehe 12 Agosti, siku ya Jumatatu, tulibandika orodha ya muhula wa pili. Katika Kozi ya Juu alikuwamo Nesi Tabitha Chepchirchir, ambaye muhula wa kwanza alipata sitini na mbili na akawekwa katika majaribio. Muhula wa pili alikuwa na sitini na nane katika karatasi na sabini katika kazi za wadi. Sehemu ya tatu ni kitabu cha uzazi, ambamo mwanafunzi huandika kila mtoto aliyempokea, mpaka watimie ishirini. Chepchirchir alikuwa na kumi na saba, naye alikuwa ametumwa Rongai kuwahudumia akina mama wa mashambani mpaka Jumamosi. Katika nafasi ya kitabu, Bwana Gachanja aliandika kwa penseli: Bado.

Jumanne asubuhi akaletewa habari kwamba dada yake amefariki Bahati. Akachukua pasi ya kusafiri ya siku tatu, akaniachia ufunguo wa kabati, akasema atarudi Alhamisi. Hakurudi Alhamisi. Mvua ilichelewesha mazishi, pasi ikaisha akiwa bado mazikoni, na kwa amri za hali ya hatari mtu wa kabila letu mwenye pasi iliyoisha haruhusiwi kupita kizuizi cha barabarani. Alikaa Bahati akingoja muhuri mpaka Jumatatu.

Jumatano ile, Metroni, mkuu wa wauguzi, alisimama mlangoni kwetu. Baraza la chuo lilikuwa linakaa Ijumaa, naye alikuwa anaondoka kwenda Nairobi mpaka siku hiyo. Akaniuliza kwa Kiingereza kama maksi za Kozi ya Juu ziko tayari. Jibu la kweli lilikuwa fupi: bado ni penseli, Metroni, siku saba zinaisha Jumatatu ijayo. Nililijua jibu hilo kwa lugha zote mbili, na ya tatu ya nyumbani. Lakini alikuwa ameshika funguo za gari, ananitazama, na mimi nikasema ndiyo, ziko tayari.

Akaenda. Nikabaki na ndiyo yangu. Haikunijia kumkimbilia nimwambie nimekosea. Kilichonijia ni kuifanya iwe kweli. Nikafungua kabati, nikachovya kalamu, nikazihamisha maksi zote kutoka kwenye orodha kwenda katika Daftari kwa wino. Nilipofika kwa Chepchirchir nikakwama, kwa maana neno "Bado" halijumlishwi. Nikaitazama sheria ukutani, nikaona kwamba "Bado" hugeuka sifuri. Ile nusu ya kwanza ya sheria, inayosema ni baada ya siku saba, niliisoma pia. Nasema ukweli. Niliisoma, nikaipita kama mtu anayempita anayemdai salamu. Sitini na nane, sabini, sifuri. Wastani arobaini na sita. Nikakausha wino, nikafunga kabati, nikajiona nimefanya kazi ya mtu mzima.

Ijumaa baraza likasoma Daftari na kuona mwanafunzi wa majaribio mwenye arobaini na sita. Halikuwa na la kuuliza. Jumamosi Kimutai alimrudisha Chepchirchir kwa lori kutoka Rongai, na barua ya kuondolewa ilikuwa inamngoja kwa msimamizi wa bweni. Alikuwa ameshika kitabu chake cha uzazi chenye watoto ishirini na mmoja.

Kimutai aliniambia baadaye kwamba njia nzima Chepchirchir alikuwa akimsimulia kuhusu yule wa ishirini na moja, aliyezaliwa katika ghala la mahindi mvua ikinyesha. Na alimwambia kwa nini anausomea ukunga. Upande wa kwao, juu ya Molo, hakuna mkunga mwenye cheti, na dada yake mkubwa alifia njiani akipelekwa hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Dispensari ya kule ilikuwa imeshamtengea chumba chenye vitanda vinne, na kinamama walikuwa wanajua mwezi atakaorudi. Jumamosi hiyo jioni alifunga sanduku lake.

Bwana Gachanja alifika Jumatatu saa tatu asubuhi, viatu vina matope ya Bahati. Hakukaa. Alifungua Daftari, akaangalia kwa muda mrefu. Halafu akauliza, si kwa ukali, "Nani alikuwa na haraka?"

Sikujibu. Tulikuwa wawili tu chumbani, na mmoja wetu alikuwa Bahati wiki nzima. Akaondoa orodha mlangoni, akazihesabu siku kwa vidole mbele yangu kuanzia Jumanne, akafika ya saba siku hiyo hiyo, akatoka kwenda bwenini.

Baraza lilikaa tena Alhamisi, tarehe 22. Mimi ndimi niliyeandika kumbukumbu za mkutano, kwa hiyo maneno nitakayoyaandika hapa ninayo katika karatasi.

Metroni alisema, "Bwana Gachanja, wino haubadilishwi. Ni sheria yako."

"Ni yangu, Metroni."

"Wariara aliondoka kwa maksi moja. Ulimbebea sanduku. Leo nikimrudisha huyu, nitamwambia nini Wariara?"

Mimi niliandika jina Wariara na kulipigia mstari bila sababu.

"Utamwambia alipata siku zake saba," akasema Bwana Gachanja. "Nilimhesabia kila moja, na ninyi mnajua nilivyotamani apate ya nane. Huyu Chepchirchir alipata mbili. Siku saba si zetu, Metroni. Ni za mwanafunzi. Hatuwezi kumnyang'anya siku zake halafu tumwambie amechelewa."

"Lakini imetiwa wino."

"Wino uliotiwa kabla ya siku saba ni penseli nyeusi tu."

Mjumbe mmoja akacheka, akajizuia. Metroni hakucheka. Akauliza, "Nani aliutia?"

Niliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni "mimi", na halina hata herufi nyingi.

"Daftari ni langu," akasema Bwana Gachanja. "Ufunguo ni wangu. Kosa lililo ndani ya Daftari langu ni langu."

Nikayaandika. Niliandika hivi, nanukuu kumbukumbu: "Bw. Gachanja akiri kosa." Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Baraza likakubali. Chepchirchir akarudishiwa siku tano alizonyimwa, ingawa alihitaji dakika tano tu, maana kitabu kilikuwa mfukoni. Sista wa wadi ya wazazi akakisahihisha mchana huo huo na kukipa sabini na nane. Wastani sabini na mbili. Bwana Gachanja akaukata mstari wangu kwa rula, akaandika mwingine juu yake, akatia sahihi. Ulikuwa mkato wake wa kwanza tangu 1936. Na kwa kuwa kosa lilikuwa limekiriwa, barua ya uzembe ikaandikwa na kuwekwa katika faili lake, miezi mitatu kabla ya kustaafu. Barua hiyo niliipiga chapa mimi. Nakala tatu.

Hakunisema. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kesho yake alifika, akaniamkia, akanipa orodha ya wanafunzi wapya nijumlishe kutoka juu na kutoka chini. Nilitaka anigombeze ili liishe. Nilianza mara nyingi kuandika kile kipande cha karatasi cha kuweka chini ya wino, nikakichana. Septemba ikaisha, Oktoba ikaisha, na watu wakaanza kusema macho ya mzee yamekwisha, nami nikiwasikia, nikiwa nimebeba mafaili, nikapita.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu nikaona sitaweza kuandika hata tarehe ya kwanza. Nikamwendea. Nilisema kwa mdomo, si kwa karatasi. Nilisema vibaya, nikianzia katikati. Aliendelea kuchonga penseli.

"Mugure," akasema, "unafikiri sikujua? Hiyo saba yako iko na kofia. Hakuna mtu mwingine Kerian anaivalisha saba kofia."

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Akasema baraza lilikuwa na shauri moja mezani, na shauri hilo lilikuwa sanduku la Chepchirchir. Angenitaja mimi, wangeacha la Chepchirchir na kunishika mimi, kwa maana mtoto wa ofisi ni rahisi kushughulikia kuliko sheria. "Nilitaka wajadili siku saba," akasema. "Sikutaka wajadili msichana." Nikamwambia nitaliandika katika programu. Akakataa. Alisema sherehe ni ya watu kula na kucheka, na kwamba yeye ameshazeeka na barua moja katika faili haiwezi kumzuia kulima kabichi.

Nikaona nimepewa ruhusa ya kunyamaza na mtu ninayemheshimu kuliko wote. Mtu mwoga hapewi zawadi kubwa kuliko hiyo. Nililala nayo siku mbili.

Halafu nikaona kuna mtu mwingine ambaye sijamuuliza. Jumapili iliyopita nilimngojea Chepchirchir nje ya kanisa. Nikamweleza yote, pamoja na "ndiyo" yangu ya Jumatano. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Nilikuwa nimefunga sanduku, unajua?" akasema. "Nililifunga kamba mbili, nisije nikalifungua tena. Halafu nikakaa juu yake."

Nikasema pole. Neno hilo lilionekana dogo kama punje.

"Na Mzee amebeba hiyo kitu tangu Agosti, na wewe uko hapo tu unapiga chapa?"

Nikasema ndiyo.

"Basi uandike. Yote. Na usiandike 'karani mmoja alikosea'. Uandike jina."

Jina langu ni Lois Mugure Ngigi. Mimi ndiye niliyetia wino siku ya pili.

Nilimpelekea Metroni karatasi hizi juzi, kwa kuwa yeye ndiye anayepitisha programu. Nilisimama mbele ya meza yake akisoma, kurasa zote. Alipomaliza alisahihisha tarehe moja. Kisha akasema kwamba barua iliyo katika faili la Bwana Gachanja itatolewa, na nyingine itaandikwa iingie katika faili langu, na kwamba nitaipiga chapa mwenyewe. Alisema pia kwamba Halmashauri haiwezi kukutana upya kabla ya leo, kwa hiyo kile cheti hakitakuwepo mezani. Nikamuuliza, na hilo lilikuwa swali langu la kwanza kwake tangu niajiriwe, kama kinaweza kuletwa Bahati baadaye. Akasema ataliuliza. Kimutai amesema atakipeleka kwa lori hata kama ni karatasi moja, na atapiga honi kuanzia njia panda.

Yaliyobaki ni mema tupu. Kozi ya Juu ya mwaka huu imemaliza na wanafunzi tisa, na siku zao saba ziliisha juzi Alhamisi. Nesi Tabitha Chepchirchir amepata wastani wa sabini muhula huu wa mwisho, hadhi yake haina majaribio, na Jumatatu anakwenda Molo kwenye vitanda vyake vinne. Baraza limeongeza sheria ya kumi na mbili ukutani, inayosema kwamba maksi iliyotiwa wino kabla ya wakati haina nguvu juu ya mwanafunzi. Bwana Gachanja anarudi Bahati kwa mkewe, Mama Rahab, ambaye kwa miaka ishirini na sita amekula chakula cha mchana peke yake na anasema hajui atafanya nini na mwanamume wa kukaa nyumbani anayetaka kujua kila kuku ana umri gani.

Kwa niaba ya wafanyakazi wa Kerian, wauguzi mia tatu na kumi waliomo katika Daftari lake, na watoto ambao hatuwezi kuwahesabu waliopokewa na mikono ya wauguzi hao, ninatoa shukrani. Bwana Gachanja, asante kwa kutusomea sheria kwa sauti hata tulipokasirika. Asante kwa maili nne za stesheni. Asante kwa Alhamisi ya tarehe 22 Agosti. Tunakuombea afya, mvua ya kiasi, kabichi zisizoliwa na funza, na majirani wa kubishana nao. Uishi vyema, Mzee wetu.

Najua uliniambia nisiandike. Ukifika mstari huu usinitafute kwa macho mara moja, nipe muda kidogo. Niko nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Wengine wote wameketi. Mimi nimesimama, ili asiyenijua aniulize.